Mashirika Binafsi ya Ndege, Pesa za Tiketi na Sisi wa Migori na Homa Bay

Wiki hii naomba tuweke kando mambo ya programu huria na simu mpya, tuzungumze ndege. Msikimbie. Kompyuta zitaingia, tena zitaingia mapema kuliko mnavyodhani.

Swali lenyewe nimelisikia mara nyingi huku kwetu, kwenye steji, kwenye matanga, hata kwenye foleni ya benki: kwa nini Kisumu wana ndege kila siku, na sisi wa Migori na Homa Bay tunasikia tu habari za kuja kwa ndege? Watu si wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,131,950 kaunti ya Homa Bay na 1,116,436 kaunti ya Migori. Viwanja pia vipo, Kabunde kule Homa Bay na Lichota hapa Migori mjini. Majibu ya kawaida ni mawili. Wengine husema barabara ya kurukia ni fupi, wengine husema watu hawana pesa. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini nikisoma historia ya mashirika binafsi ya ndege naona jambo la tatu ambalo halisemwi, na mtu wa kompyuta hulitambua haraka. Nalo ni hili: pesa ya tiketi inakaa kwa nani, kuanzia dakika abiria anapoitoa mfukoni mpaka dakika ndege inapotua?

Tuanze mbali kidogo, halafu turudi nyumbani.

MAMA MMOJA NA NDEGE MOJA

Mwaka 1929, mjane aliyeitwa Florence Kerr Wilson alianzisha jijini Nairobi kampuni ya Wilson Airways, akishirikiana na rubani Tom Campbell Black. Walianza na ndege moja ndogo aina ya Gipsy Moth. Uwanja wa Wilson mnaoufahamu, ule wa ndege ndogo pale Nairobi, ulipewa jina la mama huyu mwaka 1962. Kabla ya hapo uliitwa Nairobi West.

Ziwa letu lina nafasi yake katika hadithi hii. Mwaka 1931 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilifungua njia ya kutoka London kuja Afrika ya Mashariki, na ndege zake zenye umbo la mashua zikawa zinatua juu ya maji pale Kisumu na kuendelea hadi Mwanza. Ghuba la Winam lililopokea ndege hizo ndilo hilohilo ambalo Homa Bay imekaa kando yake. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba usafiri wa anga ni jambo geni Nyanza, mwambie barua za Ulaya zilishuka ziwani kwetu zaidi ya miaka 90 iliyopita.

Wilson Airways ilikuwa kiungo. Imperial ilishughulikia safari ndefu, naye mama Wilson akasambaza barua na abiria ndani ya Afrika ya Mashariki: Nairobi, Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam. Mwaka 1937 ndege kubwa mpya za majini za Imperial zilipoanza kutoka Kisumu kwenda pwani na kuendelea hadi Durban, ilibidi mtu wa Nairobi aunganishwe na Kisumu, na kazi hiyo pia ikaangukia Wilson.

Sasa angalia pesa. Abiria walikuwa wachache, lakini mikataba ya kubeba barua iliipa kampuni pesa ya uhakika. Barua haighairi safari, na posta hailipi kesho kutwa. Ubaya wake ni kwamba serikali ndiyo iliyokuwa mteja mkubwa, na serikali hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kukuchukulia ndege. Vita vilipoanza Septemba 1939, ndege na wafanyakazi wa Wilson Airways waliingizwa katika kikosi cha kijeshi. Kampuni haikuruka tena.

SERIKALI NNE, MFUKO MMOJA

Baada ya vita zamu ikawa ya serikali. East African Airways ilianza mwaka 1946 ikiwa mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ilikua ikafika Ulaya na Asia kwa ndege za Super VC10. Iliporomoka mwanzoni mwa 1977, mwaka uleule jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Siasa zilichangia, hilo linajulikana. Lakini chini ya siasa kulikuwa na ugomvi wa kawaida kabisa wa nyumba ya kupanga: nani amelipa, nani hajalipa, na nani amezuia mapato ya tiketi nchini kwake badala ya kuyatuma makao makuu Nairobi.

Kenya Airways ilizaliwa mwaka huohuo wa 1977 ikiwa mali ya serikali. Mwaka 1996 hisa zake ziliuzwa kwa wananchi, na KLM ya Uholanzi ikashika asilimia 26. Kuanzia miaka hiyo mlango ukawa wazi zaidi kwa watu binafsi, na ndipo tunafika kwenye majina ambayo wengi wenu mmeyaona kwa macho.

KITI NI NINI KWA KOMPYUTA?

Kabla ya majina hayo, nipeni dakika mbili za ufundi.

Niliwahi kuandika programu ya kukata tiketi kwa kampuni moja ya mabasi yanayotoka Migori kwenda Nairobi. Ukiitazama kazi hiyo kwa juu ni rahisi: jedwali la safari, jedwali la viti, jedwali la abiria. Ugumu uko kwenye safu moja tu ya jedwali, ile ya hali ya kiti. Kiti kinaweza kuwa wazi, kinaweza kuwa kimeshikiliwa, kinaweza kuwa kimelipiwa. Kilicho wazi utakiuza. Kilicholipiwa kimekwisha. Kile kilichoshikiliwa ndicho kinachokula biashara, kwa sababu mtu amepiga simu akasema “niwekee cha mbele, nakuja”, nawe unakataa mteja mwenye pesa mkononi kwa ajili ya mtu ambaye labda haji.

Tena kiti cha gari linalosafiri hakiwekwi stoo. Sukari isiponunuliwa leo itanunuliwa kesho. Kiti kilichoondoka kitupu saa mbili asubuhi kimekufa saa mbili asubuhi.

Mashirika makubwa ya ndege ya Marekani yaliliona tatizo hili zamani. American Airlines na IBM walijenga mfumo wa SABRE, ukaanza kazi mwaka 1960, na kufikia 1964 mtandao wake ulikuwa umekamilika. Huo ni mmoja wa mifumo ya kwanza duniani ya kompyuta kufanya biashara papo kwa papo, miaka mingi kabla ya intaneti. Baadaye mifumo ya aina hiyo ikafunguliwa kwa mawakala wa safari duniani kote, na shirika la ndege likawa linalipia kila nafasi inayouzwa humo. Ni raha kwa abiria wa Paris anayetaka kwenda Nairobi. Kwa shirika dogo ni mzigo: unalipia mfumo, unampa wakala chake, na pesa yenyewe inazunguka kabla ya kukufikia. Wakati huo muuza mafuta ya ndege anataka chake leo.

Shikeni hilo, sasa turudi Kenya.

JETLINK NA DOLA ZA JUBA

Novemba 2006 Fly540 ilianza kuruka Nairobi na Mombasa kwa ndege za ATR, ikilenga mtu wa kawaida aliyezoea basi. Kisumu nayo ikaingia kwenye ratiba yake. Mwaka huohuo JetLink Express ilianza safari zake za ratiba, ikatumia jeti ndogo za CRJ. Kwetu sisi wa kusini mwa Nyanza hayo yalikuwa mabadiliko makubwa. Mtu wa Homa Bay alipanda matatu kupitia Kendu Bay, mtu wa Migori akapitia Rongo, Kisii na Oyugis, wote wakakutana Kisumu na kupanda ndege ya kampuni binafsi.

JetLink iliendelea mpaka Juba. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011, na Juba ilikuwa imejaa wafanyabiashara, watu wa mashirika ya misaada na wajenzi. Biashara ilikuwepo. Halafu Januari 2012 nchi hiyo ilisimamisha uzalishaji wa mafuta yake kwa sababu ya mgogoro na Khartoum, na mafuta ndiyo yaliyokuwa yakiiletea dola. Dola zikaadimika benki. JetLink ilikuwa imeuza tiketi kule, abiria wameruka na kufika salama, pesa zipo kwenye akaunti, lakini zipo kwa paundi za Sudan Kusini na haziwezi kugeuzwa dola ili zije Nairobi. Kiasi kilichotajwa kilikuwa kama dola milioni 2. Kukodi ndege hulipwa kwa dola. Vipuri hulipwa kwa dola. Novemba 2012 JetLink ilisimamisha safari zake.

Wenzangu wa hifadhidata wataelewa nikisema hivi: seva ya Juba iliandika muamala vizuri kabisa, ila muamala haukufika seva ya Nairobi. Kwenye vitabu kampuni ilikuwa na pesa. Mkononi haikuwa nayo. Na sisi wa Kisumu, ambao hatukuwa na habari yoyote na Juba, tukapoteza shirika.

Nisiseme kwamba kila shirika hufa kwa sababu ya pesa. Silverstone Air ilikuwa na Oktoba mbaya mwaka 2019. Fokker 50 yake ilipita mwisho wa barabara ya kurukia pale Wilson, na kabla mwezi haujaisha Dash 8 ilipoteza gurudumu ikiruka kutoka Lodwar, ikaenda kutua Eldoret. Novemba Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ikazisimamisha ndege zake za Dash 8. Abiria wakikosa imani, hakuna programu ya tiketi itakayowarudisha.

WACHINA WALIVYOFANYA

Mnisamehe kuwapeleka mbali ghafla, lakini kuna mfano China unaoeleza jambo hili vizuri kuliko wowote ninaoufahamu, na umetokea miaka ilelile ya Fly540 na JetLink.

Anga ya China ilikuwa ya mashirika ya serikali. Mwaka 2005 ndipo mashirika binafsi yalipoanza kupaa. Okay Airways ilitangulia mwezi Machi. Spring Airlines ya Shanghai ikafuata tarehe 18 Julai, safari ya kwanza ikiwa Shanghai kwenda Yantai. Mwanzilishi wake, Wang Zhenghua, alikuwa na kampuni ya utalii tangu 1981, kwa hiyo alijua kuuza safari kabla hajajua kununua ndege.

Karibu mashirika yote ya China yaliuza tiketi kupitia mfumo mmoja, TravelSky, ambao ni wa serikali. Spring walikataa. Waliandika mfumo wao wenyewe na kuuza kwenye tovuti yao. Hasara ilikuwa wazi: wakala wa kawaida akifungua kompyuta yake, Spring haonekani. Faida ilikuwa kwamba hawakulipia kila nafasi, hawakumgawia wakala, na pesa ya abiria iliingia kwao moja kwa moja kabla ya safari. Kwa kuwa mfumo ni wao, waliweza kubadili bei wanavyotaka. Mwaka 2006 waliuza tiketi chache za Shanghai kwenda Jinan kwa yuan 1, na wasimamizi wa bei wa Jinan wakaamua wapigwe faini ya yuan 150,000. Watu wakaijua Spring nchi nzima.

Mengine waliyofanya ni ya kubana matumizi. Ndege za aina moja tu, Airbus A320. Daraja moja tu, viti 180, hakuna sehemu ya wakubwa. Chakula unanunua. Januari 2015 hisa zao zikaingia soko la Shanghai.

Sasa linganisha na East Star Airlines ya Wuhan, nayo ya mtu binafsi, iliyoanza kuruka 2006. Walikuwa na Airbus za kukodi na madeni ya kukodi yakawashinda. Machi 2009 wakasimamishwa, na mwaka huohuo mahakama ikawatangaza wamefilisika. Nchi moja, sheria moja, ndege za ukoo mmoja, miaka ileile.

KABUNDE NA LICHOTA

Haya, turudi nyumbani na hesabu.

Ndege inayofaa kiwanja kidogo ni kama Cessna Caravan, yenye viti 12 hivi vya abiria. Kwenye basi la watu 49, viti viwili vilivyoshikiliwa bila kulipwa ni asilimia 4. Kwenye Caravan viti viwili ni asilimia 17, na hiyo inaweza kuwa faida yote ya safari. Kwa hiyo shirika likiwa dogo, ile safu moja ya jedwali inazidi kuwa muhimu.

Halafu kuna tabia ya safari zetu. Ijumaa watu wanataka kuja nyumbani kwa sababu Jumamosi kuna mazishi. Jumapili wote wanataka kurudi Nairobi. Desemba ndege kumi hazitoshi, Februari moja ni nyingi. Ndege inayokuja Ijumaa imejaa inarudi jioni na upepo. Bei moja ya wiki nzima haiwezi kufanya kazi hapo. Unahitaji programu inayoshusha bei ya Ijumaa jioni kwenda Nairobi mpaka mtu wa basi ashawishike, na kuipandisha pale mheshimiwa anapolipa bila kuuliza.

Safari za watalii hutuonyesha upande wa pili wa shilingi. Safarilink, kampuni binafsi iliyoanza 2004, imekuwa ikitua Migori kwa ajili ya wageni wa Maasai Mara wanaotaka kwenda Serengeti: wanashuka hapa, wanavuka mpaka Isebania na Sirari kwa gari, wanapanda ndege nyingine Tarime. Sisi tunaona ndege inashuka, tunaona Wazungu wanaingia kwenye gari, basi. Lakini fikiria kwa nini njia hiyo iliwezekana. Mtalii kwa kawaida amelipia safari yake yote kabla hajaondoka kwao. Kiti chake hakina hali ya “niwekee, nakuja”.

Na sisi je? Kwetu tatizo hilo limepata dawa bila mtu wa ndege kulifikiria. M-Pesa ilianza Machi 2007. Kabla yake mtu wa Ndhiwa au Kehancha asingeweza kulipia tiketi ya ndege bila kufika mjini penye ofisi au kuwa na kadi ya benki. Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways iliyoanza Aprili 2014 kwa nauli ya kuanzia shilingi 2,850, iliwakuta wateja waliokwisha kuzoea kulipa kwa simu. Kile Spring walichojenga kwa miaka na waandishi wa programu wengi, yaani pesa kutoka kwa abiria moja kwa moja hadi shirikani kabla ndege haijaruka, kampuni ndogo ya Kenya inaweza kukipata kwa namba ya kulipia na programu isiyo ngumu. Hujalipa ndani ya dakika 30, kiti kinafunguka chenyewe.

Lakini hapo ndipo nataka tuwe macho, maana upanga huu una makali mawili. Pesa ya tiketi uliyolipa mapema bado haijawa mali ya shirika. Ni mkopo umewapa, na watakulipa kwa kukusafirisha. Shirika zuri huiweka ikingoje safari. Shirika lililobanwa huitumia kulipia mafuta ya leo, likitumaini abiria wa kesho watalipia ya kesho. Siku likisimama, mwenye ndege aliyeikodisha atachukua ndege yake, benki itachukua dhamana yake, na mwalimu wa Rongo aliyelipia tiketi ya Krismasi mwezi wa tisa atabaki na ujumbe kwenye simu.

Kwa hiyo siku nyingine ikitangazwa kwamba shirika fulani linaleta ndege Kabunde au Lichota, na wanasiasa wakaja kukata utepe, mimi nitakuwa na maswali machache. Kama kaunti inalipia viti vitupu ili njia ianze, malipo hayo yana tarehe ya mwisho, na baada ya tarehe hiyo hesabu inasimama yenyewe? Ndege ikiwa karakana kwa matengenezo, ipo nyingine au safari inafutwa? Tiketi ikifutwa, pesa inarudi kwa simu siku hiyohiyo au ninaambiwa niandike barua? Na shirika lenyewe linauza tiketi umbali gani mbele? Wakianza kuuza za mwaka kesho kwa nusu bei, mimi nitapanda basi.

Urefu wa barabara ya kurukia unaweza kupimwa kwa hatua, kila mtu anaona. Hayo mengine yako ndani ya kompyuta na ndani ya vitabu vya hesabu, na hayaonekani ukisimama kwenye uzio. Ndiyo maana nimeyaandika hapa.

Kama unafanya kazi kwenye kampuni ya mabasi au ndege na una njia bora ya kushughulikia kiti kilichoshikiliwa, niandikie, tutaijadili. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata zetu. Siku njema.